Mboga ya Wachina na Tonge la Kwanza

Wiki iliyopita, sokoni Kibondo, nilimlazimisha mwanamke mmoja ale mboga yake mbichi mbele yangu kabla sijainunua. Sikukusudia kumdhalilisha. Alikuwa ametandika kiroba chini na kupanga mafungu yake: mchicha, matembele, nyanya chungu, na pembeni fungu moja la mboga ambayo sikuwa nimeiona tangu niolewe. Shina nene, majani mapana ya kijani kinachoelekea bluu, na juu kabisa vikonyo vya maua ambayo hayajafunguka. Nikavunja shina moja. Harufu ikanipanda puani, ukali kidogo wa haradali na ubichi wa kabichi iliyokatwa ikiwa bado na umande, na hapo hapo nikawa nimesimama nyuma ya jiko la nyumbani kwetu, miguu peku, nikimsikia Bibi akikohoa.

"Umeitoa wapi hii?" nikamwuliza yule mama.

"Chainizi hiyo, dada. Chukua."

"Siyo chainizi. Chainizi naijua. Mbegu ulipata wapi?"

"Sasa wewe unataka mboga au unataka ukoo wake?"

Waliokuwa karibu wakacheka. Mimi sikucheka. Nikamwambia aonje kwanza, kisha nitanunua. Akavunja shina, akalimenya kwa kucha na kulitafuna taratibu huku amenikazia macho. "Haya," akasema. "Nikikuua wewe, kesho nitamuuzia nani?"

Nikanunua fungu zima.

Ndivyo nilivyo. Maziwa nayanusa hata kama ng'ombe nimemwona akikamuliwa. Mume wangu husema kwamba hata chai ya harusini huwa naichungulia kikombeni kwanza, na ni kweli. Nimelelewa hivyo. Nilikulia Nyakitonto, upande wa Kasulu, katika nyumba ambayo kila kitu kilichovuka mlango kilitazamwa mara mbili, na mboga ile, ambayo siku hizi nasikia mabwana shamba wanaiita brokoli ya Kichina, nusura imfukuzishe mama yangu katika nyumba hiyo.

Mwenye shaka hasa alikuwa Bibi, mama yake Baba. Mwembamba, mrefu, meno ya kuhesabu, jicho moja limefunga ukungu, na lile lililobaki alilitumia kwa kazi ya yote mawili. Alikung'uta kandambili kabla ya kuzivaa, hata zile alizozivua muda si mrefu. Redio ikitaja saa, alitoka nje kuangalia jua. Katekista alipokuja kutusalimia akicheka sana, Bibi alimpokea vizuri, akamkaribisha kiti, na alipoondoka tu akauliza, "Yule leo anacheka nini?"

Alikuwa na sababu, ingawa niliijua baadaye sana. Mtoto wake wa kwanza, kaka yake Baba, alikwenda kwenye pombe ya ndizi kijiji cha jirani akarudi ameshika tumbo, na hakupona. Kilichomuua hakikujulikana. Kwetu kule, mwenye pombe huinywa yeye kwanza mbele ya wageni, wamwone akimeza, ndipo awakaribishe. Ni adabu ya kawaida na hakuna anayeudhika nayo. Bibi aliamini kwamba siku ile mwenye pombe hakuonja. Tangu hapo akaiondoa desturi hiyo kwenye mtungi wa pombe na kuileta kwenye chungu cha nyumbani, yaani chungu cha Mama.

Mama alikuwa mtoto wa wakimbizi wa Burundi. Wazazi wake walivuka mpaka yeye akiwa mgongoni, akakulia makambini, akasoma hapa, akapata uraia hapa, na Kiha chake kilikuwa sawasawa na cha jirani yeyote. Bibi alisema bado anaisikia Burundi humo ndani. Baba alimwoa Mama huku Bibi hataki, na Bibi akalipokea jambo hilo kwa namna yake: aliweka sharti moja tu.

Basi kila siku ilikuwa hivi. Mama alileta ugali wa muhogo na maharage, akapiga magoti, akamnawisha Bibi mikono. Kisha akamega tonge, akachovya, akala. Bibi alisubiri mpaka aone koo la Mama limepanda na kushuka. Ndipo aliposema, "Ego," yaani ndiyo kwa Kiha, na kuanza kula. Sote tulimfuata.

Mimi niliitafsiri hivi: Mama alikuwa mkubwa wa nyumba. Ningetafsirije vingine? Nyumbani kwetu mtoto aliyelamba mwiko kabla ya wakubwa kula alipigwa na mwiko huo huo. Hata Baba, mwenye nyumba, alimsubiri Bibi. Na Bibi, aliyesubiriwa na watu wote, alimsubiri Mama! Nilivimba kichwa. Kwenye michezo yetu ya kupika udongo chini ya migomba nilikataa kuwa mtu mwingine yeyote isipokuwa mama anayeanza kula. Shangazi alipotoka Kasulu mjini kuja kutusalimia na akapika yeye, Bibi alikula moja kwa moja bila kusubiri mtu, nami nikamwonea huruma Shangazi kwamba bado hajafikia cheo cha Mama.

Wachina wa barabara walipoweka kambi yao karibu na kwetu, Baba alipata kibarua cha kokoto na Mama akapata cha kufua nguo. Siku ambazo hakuna shule nilimfuata. Nyuma ya kontena zao mpishi alikuwa na bustani, matuta yamenyooka, na katika bustani hiyo ndipo nilipoiona ile mboga kwa mara ya kwanza. Mpishi mwenyewe alikuwa mzee mwenye kofia ya majani. Alinusa kila kitu. Samaki alimnusa mashavuni, nyanya alizigeuza moja moja akarudisha nusu, mayai aliyatikisa sikioni. Nilimchunguza kwa hofu mwanzoni, halafu nikamzoea, kwa sababu tabia zake zote nilikuwa nazijua. Niliamini ana undugu na Bibi.

Siku moja alimwita Mama bustanini. Akakata shina, akamenya ganda, akauma yeye kwanza, akatafuna na kumeza, ndipo akampa Mama kilichobaki. Mama alishtuka. Alilishika lile shina bila kulila, anamtazama tu yule mzee, kisha akala, na machoni akawa na machozi kidogo. Nilidhani mboga ni kali. Nikamwona mpishi naye kuwa mkubwa wa chungu chake, na wakubwa wawili wamekutana.

Kambi ilipokuwa inahama kuelekea Kibondo, mpishi alimpa Mama mbegu zimefungwa kwenye karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara. Kiswahili chake kilikuwa kifupi, hivyo alifundisha kwa mikono: ncha ya kidole, kina cha shimo; kiganja kizima na zaidi, nafasi ya mche na mche. Akaonyesha vikonyo vilivyofumba. "Hii, kata." Akaonyesha ua jeupe lililofunguka. "Hii, hapana. Chelewa." Baba alihama na kambi, akawa anarudi kwa nadra, na sisi tukabaki na Bibi.

Bibi alizimwaga zile mbegu kiganjani akazisogeza kwenye jicho lake zima.

"Nyeusi," akasema.

"Hata haradali ni nyeusi, mama."

"Haradali naijua. Alikuomba nini?"

"Hakuniomba kitu."

"Kabisa?"

"Kabisa, mama."

Bibi akazirudisha kwenye karatasi yake. "Basi hapo ndipo penye neno," akasema.

Mama alitengeneza kitalu nyuma ya jiko. Alilainisha udongo kwa mikono, akachanganya samadi ya mbuzi iliyooza, akachora mistari kwa kijiti, akadondosha mbegu na kuzifunika kwa udongo mwembamba, juu yake akatandaza nyasi kavu. Maji tulimwagilia kwa dumu la mafuta ya kula ambalo kifuniko chake alikitoboa kwa msumari wa moto. Hata wiki haikuisha, miche ikawa imenyanyua nyasi. Mama alifurahi. Bibi alisimama juu ya kitalu mikono mgongoni. "Zina haraka ya nini?" akauliza.

Kuanzia siku hiyo alihamisha kigoda chake kutoka mlango wa mbele kwenda wa nyuma. Aliilinda bustani ile kama askari wa benki, isipokuwa yeye alikuwa anawalinda watu dhidi ya mboga. Mama alipong'oa miche iliyosongamana, Bibi aliuliza kwa nini anaua iliyo mizima. Alipohamishia miche kwenye matuta wakati jua limepoa, Bibi aliuliza kwa nini anangoja giza. Alipopaka majivu kuzuia wadudu, alitaka kujua majivu ya mti gani. Halafu majani yakapanuka, na siku moja baada ya mvua Bibi akaniita. Matone yalikuwa yamekaa juu ya majani, mviringo, yakiteleza huku na huku bila kulowesha.

"Unaona?" akaninong'oneza. "Inakataa maji."

Niliona, na nikaogopa kweli. Hata kabichi hufanya vivyo hivyo, lakini kabichi tulishaizoea, hakuna aliyekuwa anaichunguza. Nikaanza kupita mbali na matuta yale. Bibi akachuma jani akamtupia kuku. Kuku akalila lote, akajipangusa mdomo kwenye nyasi, akaomba jingine. Tukamfuatilia kuku huyo mimi na Bibi mchana kutwa, kutoka jikoni hadi chini ya migomba. Hakufa. "Kuku anakula hata changarawe," Bibi akasema, akarudi kwenye kigoda.

Majirani nao walikuja kutazama. Kwetu mboga ya majani huchumwa kutoka chini, jani baada ya jani, miezi na miezi, na ikianza tu kutoa ua, imekwisha, unawapa mbuzi. Nyingine, kabichi, unaingoja ifunge. Ya Mama haikufunga wala hakuichuma. Aliyaacha majani mazuri yakae, na watu wakishangaa, mpaka vikonyo vya maua vilipochomoza, ndipo akaja na kisu. Yaani aliingoja izeeke ndipo aile. Mama Sabina, jirani yetu wa karibu, alishika kiuno. "Mama Editha, hii si ya mbuzi sasa?"

"Hapana. Sasa ndiyo imeiva."

Mbaya zaidi, pale alipokata, machipukizi yalitoka ubavuni mwa shina, kila chipukizi na kikonyo chake. Bibi aliyatazama sana. "Amekata kichwa kimoja," aliniambia, "vimerudi vingi. Jambo hilo tuliite nini?"

Mama aliipika kama alivyomwona mpishi: mafuta kidogo yaliyopata moto sawasawa, kitunguu saumu, mashina kwanza, majani baadaye, chumvi, basi. Ikatoka bado kijani, na shina likitafunwa linalia. Sisi tuliozoea kisamvu kilichochemka hadi kikasahau kilikuwa nini, tuliona ni mbichi. Akapiga magoti, akaonja, akameza. Bibi alisubiri. Koo likapanda, likashuka. Bibi hakusema "Ego." Alilisukuma bakuli kwa kidole kimoja kuja upande wetu watoto, akala ugali na maharage. Na ikawa hivyo kila ilipopikwa. Sisi tuliila na tukaipenda, nami pia, kwa sababu njaa ya mtoto haina subira ya kushuku muda mrefu. Mama alipewa tu heshima yake ya kuanza, nikawaza, na Bibi ana wivu.

Akaanza kuwagawia majirani. Mama Sabina alichukua, akasifu, akarudi kuomba nyingine. Kisha Sabina, binti yake aliyekuwa mdogo kwangu kidogo, akaugua. Alitapika, akalegea, akabebwa mgongoni kupelekwa zahanati. Hata hajarudi, neno likawa limeshazunguka. Niliona tu mambo yamebadilika. Tulipokwenda kisimani wanawake walinyamaza. Mama alipowapelekea mboga walisema wanayo tayari, na siku iliyofuata nikaikuta imetupwa njiani pamoja na mizizi ya nyasi na takataka. Nilidhani wamekasirika kwamba Mama Sabina alipewa fungu kubwa kuliko wao.

Wakaja alasiri moja: mwenyekiti wa kitongoji, Mama Sabina, na shemeji yake Mama Sabina, mwanamume mwenye sauti ya kusemea mbele za watu. Bibi aliwapa benchi. Mama alikaa chini kwenye mkeka karibu na mlango, na mimi nikamkalia ubavuni.

"Hatujaja kumshitaki mtu, Bibi," mwenyekiti akaanza. "Tumekuja kuuliza tu. Watu wanasema."

"Wanasema nini?"

"Wanasema mboga hii haijulikani."

"Mtoto anatapika mpaka nyongo!" Mama Sabina akalia. "Na kwangu hakula kitu kingine cha ajabu, Bibi. Ni hicho tu."

Shemeji akasema, "Sisi tunaomba jambo dogo. Huyu mkamwana wako apumzike kwao kwanza. Mambo yakitulia, tutaangalia."

Niliinua kichwa. Nilidhani tunasafiri. Nilitaka kumwuliza Mama nguo zipi nichukue, nikaona midomo yake imekauka. Mama hakuwa na kwao. Wazazi wake walikuwa wamerudi ng'ambo ya mpaka na huko wamekufa, na kambi aliyokulia ilikuwa imeshakuwa mashamba ya watu. Mtu akimwambia apumzike kwao alikuwa anamwambia aende porini, na watoto wabaki kwa baba yao, ndivyo ilivyo kwetu. Hilo watu wazima wote pale walilijua.

"Ni mkamwana wangu," Bibi akasema.

"Tunajua, Bibi. Lakini na wewe mwenyewe, kijiji kizima kinajua." Shemeji alishusha sauti, kama anayemsaidia. "Huli mpaka aonje. Miaka yote hii. Kama wewe unayelala naye nyumba moja humwamini, sisi tumwamini kwa lipi?"

Taya la Bibi lilikuwa linatembea ingawa hakuwa na kitu mdomoni. Kuku alipita katikati yetu, na hakuna aliyemfukuza.

"Pika," hatimaye Bibi akamwambia Mama.

"Nini, mama?"

"Ile mboga. Kakate, upike. Wageni wana njaa."

Mama akaenda. Tulisikia kisu bustanini, kisha mafuta yakilia. Harufu ya kitunguu saumu ikatoka jikoni ikatukuta tumekaa pale pale. Akaja na bakuli, akapiga magoti mbele ya Bibi, akamnawisha, kisha, kama siku zote, akanyoosha mkono achukue tonge la kwanza.

Bibi akamshika kifundo cha mkono.

Akauondoa mkono wa Mama taratibu akauweka chini. Akaingiza vidole vyake mwenyewe, akachukua shina na majani na kikonyo cha maua, vyote kwa pamoja, akatia mdomoni. Kwa meno yale ilikuwa kazi. Alitafuna upande wa kushoto, akahamishia kulia, akarudisha. Shina lilikuwa linalia. Watu wote walimtazama koo. Likapanda. Likashuka. Akachukua tena, akala tena, kisha akalisogeza bakuli mbele ya benchi.

"Mwenye nyumba nimeonja," akasema. "Karibuni."

Pale hapakuwa na njia. Mwenye kitu akishaonja na kukaribisha, anayekataa anamwambia usoni kwamba ni mlozi, na kwa Bibi hakuna aliyethubutu. Mwenyekiti alinawa akala. Shemeji akala kidogo, kwa ncha za vidole. Mama Sabina alikuwa wa mwisho, na alikula huku akilia.

Nami nililia, tena kwa sauti. Bibi amemnyang'anya Mama cheo chake! Mbele ya wageni, mbele ya mwenyekiti, amemshika mkono kama mtoto mwizi wa nyama na kula yeye kwanza. Nilimtazama Mama nikitegemea atasema kitu. Alikuwa ameinamisha uso, machozi yanamdondoka kwenye mapaja, nikajua tunalilia kitu kimoja.

Wageni walipoondoka, Bibi aliomba maji ya kuoga. Akavaa kitenge chake cha Pasaka, akafunga kilemba, akachukua rozari, akalala chali kwenye mkeka chumbani. Nilimchungulia mlangoni nikiwa nimenuna. Amejipamba, nikasema moyoni. Anasherehekea. Nilimchukia siku nyingi.

Sabina alipona. Baadaye sana yeye mwenyewe alinisimulia kwamba siku ile yeye na wenzake walichimba muhogo mchungu shambani wakautafuna mbichi, na aliogopa kusema kwa sababu shamba lilikuwa la watu. Muhogo, tunaoula kila siku ya Mungu. Hakuna aliyeushuku.

Na mimi niliendelea kuamini nilichoamini, hadi nilipokuwa naolewa. Bibi alikuwa ameshafariki. Mama alikuwa ananifunda, tumekaa jikoni, na nikamwuliza jambo lililokuwa linanikaa moyoni: huko ukweni, nitaruhusiwa lini kuanza kula kabla ya mama mkwe? Nifanye nini ili nikipate cheo hicho mapema?

Mama alinitazama kama nimesema kwa lugha nyingine. Kisha akacheka. Alicheka hadi akashika kizingiti, na kicheko kikageuka kikawa kitu kingine, akajifuta uso kwa khanga, akanieleza. Nilisikia aibu, nikasikia hasira. Miaka yote ile nilikuwa namwonea fahari mama yangu wakati anapimwa kama yule kuku.

"Kumbe siku ile alikuamini," nikasema. "Siku ya mwenyekiti."

"Aniamini wapi!" Mama akasema. "Ulimwona alivyovaa? Aliniita chumbani. Akaniambia, 'Kitenge cha kunizikia ni hiki nimekivaa, usihangaike kutafuta. Na mwanangu akirudi, mwambie nilikula mwenyewe kwa mkono wangu, asije akakugusa.' Alikuwa anangoja kufa, Editha."

Niliwahi kudhani kwamba watu hutetewa na wale wanaowaamini. Bibi hakuamini hata kidogo. Aliilinda ile mboga tangu ikiwa mbegu, aliona inakataa maji, aliona inarudisha vichwa, na alikuwa na hakika kabisa kwamba anameza kifo cha mwanawe wa kwanza. Akameza, ili mama yangu asipelekwe pasipo na kwao.

"Ukafanya nini?" nikamwuliza Mama.

"Ningefanya nini? Nikakaa naye. Anasali, mimi nimekaa. Jua likazama, kuku wakaingia. Akajishika tumbo, akasikiliza. Akajigeuza upande. Mwishowe akaketi, amekasirika kweli, kama mtu aliyeahidiwa kitu asipewe. Akaniuliza, 'Imebaki?'

"Nikamletea bakuli. Nikanyoosha mkono nionje, si unajua mazoea. Akalivuta bakuli kwake. 'Acha,' akasema. 'Utanimalizia.'"